Sababu, Uwezo na Nia: Kumfundisha Rais wa Wakati wa Vita

Mhadhara kwa walimu wa Historia



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya namna ya kumfundisha mwanafunzi habari za rais aliyeongoza nchi vitani. Tanzania imekuwa na rais mmoja tu aliyeiongoza katika vita kamili dhidi ya jeshi la nchi nyingine, naye ni Mwalimu Julius Nyerere. Kabla hajawa rais alisimama mbele ya ubao kama ninyi. Alifundisha Tabora, kisha aliporudi kutoka masomoni Edinburgh akafundisha Historia huko Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Miaka 23 baadaye mwalimu huyo wa Historia alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, na jeshi la Idi Amin wa Uganda lilikuwa limekaa ndani ya mpaka wetu, kaskazini ya Mto Kagera.

Hoja yangu leo ni moja. Mwalimu alipolihutubia taifa kwa redio mwanzoni mwa Novemba 1978, alitamka mambo matatu: kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Wazee wetu wanayakumbuka hadi leo, na watoto wanayasikia kila yanaporudiwa redioni. Tumeyahifadhi kama kaulimbiu. Naomba sasa tuyapeleke darasani kama maswali. Kila dai kati ya hayo lina ushahidi wake, lina mashaka yake, na lina gharama iliyolipwa na watu. Mwanafunzi anayeweza kuyapima moja baada ya jingine amejifunza Historia. Na mwalimu hawezi kumfikisha huko kama hajapewa nafasi, vifaa na mazoezi ya kuyapima yeye mwenyewe kwanza.

Tuseme ukweli kuhusu hali ilivyo. Vita vya Kagera mara nyingi hufundishwa kwa kipindi kimoja, pengine nusu. Nduli Amin alivamia, tukampiga, tukashinda, nchi ikapata matatizo ya uchumi. Mwanafunzi anaandika sababu tano na athari tano, anazikariri, anazimwaga kwenye mtihani. Rais katika somo la namna hiyo hana kazi ya kufanya: matukio yanamjia tayari yamepangwa, na ushindi unamngoja mwishoni. Mtoto haoni mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Haoni kwamba kuna usiku ambao mtu mmoja, akiwa na habari pungufu na washauri wanaotofautiana, alipaswa kusema ndiyo au hapana, na kwamba neno lake lingeamua nani atarudi nyumbani na nani hatarudi.

Sababu

Tuanze na dai la kwanza. Mwalimu wa Historia anayetaka kulifundisha vizuri hana budi kurudi nyuma kabla ya Oktoba 1978. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa madaraka Kampala. Nyerere alikataa kuutambua utawala huo, akamkaribisha Obote Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea ardhi ya Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaipiga mabomu miji ya Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huo, kwa usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia, pande mbili zilitia saini makubaliano ya Mogadishu: majeshi yakae mbali na mpaka, na kila mmoja aache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake.

Hapo darasa linapata swali lake gumu la kwanza. Je, Tanzania ilikuwa jirani mwema asiye na lawama, au ilikuwa tayari imo katika ugomvi na utawala wa Amin tangu 1971? Mwanafunzi akiuliza hivyo, mwalimu asishtuke. Ni swali halali, na jibu lake halimtakasi Amin. Linaonyesha tu kwamba vita vina mizizi, na kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa na historia ndefu ya ugomvi na adui yake.

Kisha tuchukue ramani. Mpaka kati ya Tanzania na Uganda katika eneo lile unafuata mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani wakati wa ukoloni. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo. Kati ya mstari na mto kuna ardhi ya Tanzania ya takriban kilomita za mraba 1,800, yenye vijiji, mashamba ya migomba na ng'ombe. Amin alidai kwamba mto ndio ungepaswa kuwa mpaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wake waliingia, wakaua, wakabaka, wakapora mifugo, wakavunja na kupora kiwanda cha sukari. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa.

Mpe mwanafunzi ramani hiyo isiyo na majina, mwambie achore mstari na mto, kisha ajibu: kwa nini nchi changa za Afrika zilikubali kuishi na mipaka iliyochorwa na wakoloni? Hapo mtafika Cairo, Julai 1964, ambako wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Nyerere alikuwa mtetezi mkubwa wa azimio hilo. Kwa hiyo Amin alipotangaza kuimega Kagera, alikuwa ameikanyaga Tanzania na pia kanuni ambayo Nyerere mwenyewe aliitetea kwa ajili ya bara zima. Mwanafunzi akilielewa hilo, anaelewa kwa nini sababu ilionekana nzito kiasi kile machoni pa rais. Anaelewa pia kwa nini miezi michache baadaye wakuu wenzake waliitumia kanuni inayoandamana nayo, ile ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, kumuuliza yeye maswali.

Uwezo

Dai la pili ndilo tunalolifundisha kidogo kuliko yote, na ndilo lenye mengi. Uwezo tulikuwa nao kweli siku ile hotuba ilipotolewa?

Ushahidi unasema: bado. Mpaka wa Kagera ulikuwa na ulinzi mdogo. Macho ya Jeshi la Wananchi yalikuwa zaidi kusini, kwenye harakati za ukombozi wa Rhodesia. Brigedi iliyokuwa upande wa magharibi ilikuwa Tabora, mamia ya kilomita kutoka Kyaka, na mvua zilikuwa zimeziharibu barabara. Jeshi zima lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika miezi iliyofuata idadi ilipanda kupita 100,000, kwa kuwaingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Wananchi walitoa ng'ombe, mbuzi, nafaka na fedha. Msumbiji ya Samora Machel ilituma kikosi cha askari. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, Waziri wa Ulinzi Rashidi Kawawa, na Mkuu wa Majeshi Jenerali Abdallah Twalipo. Mafunzo yetu yawataje na watu hawa, maana rais wa vita hapigani peke yake, na mtoto anayejua jina moja tu amefundishwa hadithi ya shujaa badala ya kazi ya serikali.

Kwa hiyo Nyerere aliposema uwezo tunao, alikuwa anaeleza hali halisi, au alikuwa anawaita wananchi wauumbe uwezo ambao bado haujakamilika? Mimi naona la pili lina nguvu zaidi, lakini sitaki mwalimu alipeleke darasani kama jibu. Alipeleke kama mjadala, na kila upande ulete ushahidi wake: idadi ya askari, umbali, hali ya daraja, kasi ya mgambo kufika Kagera. Majeshi yetu yaliurudisha uvamizi nyuma kabla ya mwaka kwisha. Mwanafunzi apime ni kiasi gani cha ushindi huo kilitokana na maandalizi, na kiasi gani kilitokana na udhaifu wa jeshi la Amin lililokuwa limegawanyika kwa maasi ya ndani.

Uwezo pia ni fedha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ililazimika kuanzisha mashirika yake ya ndege, reli na bandari. Bei ya kahawa, iliyopanda sana katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa imeshaanguka. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda ghafla. Juu ya hayo yote vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, na hakuna nchi tajiri iliyojitokeza kuibeba gharama hiyo. Baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na foleni za sukari, sabuni na unga zikaendelea. Mwishoni mwa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na rais juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Ni rahisi kumwambia mtoto kwamba vita ndivyo vilivyoua uchumi. Ni rahisi vilevile kusema vita havikuhusika, sera ndizo zilizokosea. Kazi ya mwanahistoria ni kuzitenganisha nyuzi. Mpe kila kundi darasani sababu moja: vita, mafuta, kahawa, kuvunjika kwa Jumuiya, sera za ndani. Kila kundi litetee sababu yake kwa dakika chache, kisha darasa lizipange kwa uzito na lieleze kwa nini. Kipindi kimoja cha namna hiyo kinamfundisha mtoto namna sababu zinavyofanya kazi kwa pamoja, na ujuzi huo ataubeba hadi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanguka kwa Songhai na Maji Maji.

Nia

Dai la tatu ni gumu kuliko yote, kwa sababu nia ilisogea.

Mwanzoni lengo lililotangazwa lilikuwa kumtoa mvamizi. Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imekombolewa. Lakini Amin hakulifuta dai lake, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani. Kutoka kwenye miinuko ya Mutukula, ng'ambo ya mpaka, mizinga yake iliendelea kuwa tishio. Mwezi huohuo majeshi yetu yalivuka na kuitwaa Mutukula. Tarehe 24 Februari yakaingia Masaka, siku iliyofuata Mbarara. Machi 10 na 11 yakapigana Lukaya na askari wa Amin waliokuwa pamoja na Walibya waliotumwa na Muammar Gaddafi. Mwishoni mwa Machi vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, vikaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Kati ya daraja la Kyaka na mpaka wa Sudan, nia ilibadilika wapi? Hilo ndilo swali ambalo ningependa kila mwalimu aliyeko hapa aende nalo. Nawapendekezea mbinu rahisi: simamisha hadithi. Usimweleze mwanafunzi kilichofuata. Mfikishe kwenye siku ya kuamua, mpe habari ambazo rais alikuwa nazo siku ile, mwambie aandike uamuzi wake na sababu zake, kisha ndipo umfunulie historia.

Kituo cha kwanza kiwe Novemba 1978. Ardhi imekaliwa, wapatanishi wa Afrika wanataka mazungumzo, jeshi liko mbali. Utazungumza kwanza, utapigana kwanza, au utafanya vyote kwa pamoja?

Cha pili kiwe Januari 1979. Kagera imekombolewa. Ukisimama hapo, dunia itakusifu kwa kujitetea, lakini Amin atabaki na mizinga yake Mutukula. Ukivuka, wewe nawe umeingia nchi ya watu. Utafanya nini?

Cha tatu kiwe mwisho wa Machi. Gaddafi amekutumia ujumbe kwamba uondoe majeshi yako Uganda ndani ya saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani. Nyerere hakuuficha ujumbe ule: aliwatangazia wananchi, akasema msimamo wa Tanzania juu ya Amin haubadiliki. Ndege ya Libya ikaja kuipiga Mwanza, bomu likakosa shabaha na kuangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, likaua swala. Kabla mwanafunzi hajaambiwa hayo, aamue: ungewaambia wananchi, au ungenyamaza usiwatie hofu?

Cha nne kiwe Aprili, majeshi yakiwa nje ya Kampala. Walibya wamo ndani ya mji. Ukiuzingira mji pande zote, utawakamata au kuwaua, na Libya itaingia ugomvi wa muda mrefu na nchi yako. Nyerere aliamua barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi ili waondoke. Kidato cha Nne wakijadili uamuzi huo watagundua kwamba kuna nguvu katika kujizuia, na kwamba rais anayepigana vita leo anapaswa kufikiria majirani atakaoishi nao kesho.

Baada ya vituo vinne, darasa liende Monrovia, Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika. Huko Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuingia nchi nyingine na kuiondoa serikali yake. Serikali yetu ilijibu kwa kijitabu kilichoeleza kwamba kulikuwa na vita viwili: vya Tanzania vya kujilinda, na vya Waganda vya kujikomboa. Hoja hiyo inasimama? Kundi moja la wanafunzi liwe ujumbe wa Tanzania, jingine liwe wakosoaji, la tatu liwe Waganda waliopoteza ndugu zao kwa miaka minane ya utawala wa Amin. Hilo la tatu lisisahaulike. Mjadala wa sheria za mataifa bila sauti ya aliyekuwa anauawa ni mjadala pungufu.

Na hadithi isiishie kwenye shangwe za Kampala. Lule alidumu madarakani miezi miwili tu. Godfrey Binaisa akamfuata, naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote huku wapinzani wakiukataa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Kumwondoa dikteta na kujenga serikali inayokubalika ni kazi mbili tofauti, na ya pili hailetwi na mizinga. Mwanafunzi atalihitaji somo hilo kila atakaposikia habari za vita popote duniani.

Mambo ambayo tunaogopa kuyasema

Wahenga walisema vita havina macho. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu hadi Kampala, walichapisha kitabu mwaka 1982. Wanasema askari wa Tanzania waliokufa ni 373, na raia waliouawa Kagera na askari wa Amin ni kiasi cha 1,500. Mwalimu anapozitoa namba hizo darasani, aseme zimetoka wapi. Hilo peke yake ni somo.

Upande wa pili pia usemwe. Mutukula ilibomolewa, na raia wakauawa na askari wetu. Nyerere aliposikia, aliagiza raia na mali zao vilindwe. Hata hivyo Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya kwa mizinga na baruti, na shauku ya kulipiza kisasi cha Kagera ilikuwa na sehemu yake. Watoto wanaokaa Masaka leo wana bibi na babu wanaokumbuka. Watoto wa Missenyi, huku Kagera, nao wana bibi na babu wanaokumbuka. Mwalimu anayemficha mwanafunzi jambo hilo kwa nia njema anamwacha siku moja alipate kwa mtu mwenye nia mbaya, akiwa hana zana za kulipima.

Najua wapo watakaosema kwamba kumhoji Mwalimu namna hii ni kumkosea heshima. Nawajibu kwa maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zetu zijenge watoto wenye akili ya kuuliza, wenye uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuamua wenyewe nini cha kuchukua na nini cha kuacha, na wenye kujiamini. Mtu aliyeandika hayo hakuwa anaomba kusujudiwa na wanafunzi. Tunamheshimu kwa kuutumia ule utaratibu wa kufikiri aliotuachia, hata tunapompima yeye.

Mafunzo ya aina gani?

Nimesema mengi juu ya mwanafunzi. Sasa niseme juu yetu, maana hayo yote hayafanyiki kwa mwalimu aliyepewa kitabu cha kiada tu na darasa lililojaa.

Kwanza, mafunzo yawe endelevu na yafanyike karibu na darasa. Tunao mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, na jumuiya za ujifunzaji shuleni. Tuutumie kwa Historia. Walimu watatu au wanne wa somo wakae pamoja, wachague kituo kimoja kati ya vinne nilivyovitaja, waandike andalio la somo kwa pamoja, mmoja afundishe wenzake wakiangalia, kisha warekebishe. Semina ya siku mbili mjini, hata iwe na wahadhiri wazuri namna gani, haibadilishi kipindi cha Jumatatu kama hakuna mwenzako wa kukaa naye baada ya kipindi.

Pili, mwalimu apewe ushahidi mkononi. Hotuba ya Novemba 1978 ipo kwenye sauti. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News ya miezi ile yapo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mkubwa wa Afrika Mashariki. Hazina hiyo haimfikii mwalimu wa Biharamulo wala wa Tunduru. Naomba vyuo vyetu, makumbusho na Taasisi ya Elimu vishirikiane kuandaa bahasha ya ushahidi: hotuba, ramani, kurasa chache za magazeti ya pande zote mbili, picha, na maelezo mafupi ya kila kimoja. Bahasha hiyo ichapishwe, na iwekwe pia kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo maktaba ambayo walimu wengi wanayo.

Tatu, tujifunze kuwahoji wazee. Waliopigana Kagera wakiwa na umri wa miaka 20 sasa wana zaidi ya 60. Wapo kila mkoa. Wapo pia akina mama waliokimbia usiku na watoto mgongoni, madereva waliochukuliwa na malori yao, wakulima waliotoa ng'ombe wa mwisho. Lakini kumhoji mtu aliyepitia vita kuna adabu yake. Mwanafunzi aombe ruhusa kwanza, asimlazimishe mzee kurudia alichoona, asirekodi bila kuambiwa sawa, akubali mzee akinyamaza. Baada ya hapo asilichukue simulizi kama ushahidi usio na doa. Alilinganishe na gazeti, na ramani, na simulizi la mzee mwingine. Mwalimu afundishwe hatua hizo kabla hajamtuma mtoto mlangoni kwa mtu.

Nne, tufundishe pamoja na jirani. Mutukula leo ni kituo cha mpakani ambapo wasafiri wa nchi mbili wanahudumiwa kwa pamoja. Sioni kwa nini walimu wa Historia wa Missenyi, upande wetu, na wa Kyotera, upande wa Uganda, wasikutane, kila mmoja na andalio lake la somo juu ya vita hivi, wakaonyeshana. Watatofautiana. Kutofautiana huko kwa heshima ndiko kutakakowafanya wote warudi darasani wakiwa na maswali bora zaidi.

Tano, mtihani ufuate. Mwalimu hufundisha kinachopimwa. Swali likiendelea kuwa taja athari tano, andalio letu zuri litabaki kwenye daftari. Swali likiwa na kipande cha hotuba na kipande cha gazeti, na kumtaka mtahiniwa aeleze vinapatana wapi na vinagongana wapi, shule zote nchini zitabadilika ndani ya miaka michache. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limetufungulia mlango: mtoto anaweza kusikia hotuba ya rais kwa lugha ileile iliyotumika siku ile, na akaijibu kwa lugha hiyohiyo. Tusiupoteze mlango huo kwa kukaririsha.

Kwa nini inatuhusu sisi

Ibara ya 44 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, na inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kulitafakari tangazo hilo. Ibara hiyo ni maandishi tu mpaka wapatikane wabunge wanaojua kuuliza na wananchi wanaojua kudai majibu. Sababu ni ipi, na nani ameithibitisha? Uwezo tunao, na nani atalipa? Nia ni ipi, itakomea wapi, na nani atatuambia ikibadilika? Mwananchi anayeyauliza maswali hayo haihujumu nchi yake wakati wa hatari. Anaisaidia isiende vitani kwa hasira, wala isirudi nyuma kwa hofu.

Waliokaa mbele yetu kwenye madawati watapiga kura, watavaa sare, watakaa bungeni, na mmoja wao huenda akawa Amiri Jeshi Mkuu. Hatujui ni yupi, kwa hiyo tunawafundisha wote. Naomba kila mwalimu aliyenisikiliza, muhula ujao, atenge vipindi viwili badala ya kimoja. Achore safu tatu ubaoni, za sababu, uwezo na nia, awape wanafunzi ushahidi, na asiwape jibu. Mwalimu wa Historia wa Pugu alilidai hilo kutoka kwa shule za nchi hii mwaka 1967, na sisi ndio tuliobaki na deni la kulilipa.